Friji Isiyofunguliwa

Katika hadithi za maharusi wapya tunazoandika sisi vijana, friji huingia aya ya kwanza. Ina milango miwili na imesimama sebuleni ili mgeni asiikose. Baada ya hapo haifunguliwi tena mpaka hadithi inakwisha. Hakuna anayeweka ndani yake mboga iliyobaki jana, hakuna anayegombania barafu, hakuna anayekumbuka kwamba umeme umekatika tangu saa nne asubuhi na samaki wameanza kutoa harufu. Friji imekuja kututangazia kwamba bwana harusi ana pesa. Ikishatangaza, inabaki pale kama kalenda ya mwaka jana.

Nasema haya nikiwa nimetoka kusoma miswada mitatu iliyopita mikononi mwa kikundi chetu, yote ikiwahusu vijana waliooana karibuni, mume na mke wote wakisoma shahada ya uzamili. Mada nzuri sana hiyo, tena ni mada yetu wenyewe. Nani kati yetu hana rafiki aliyefunga ndoa mwezi wa kwanza na kutakiwa kuwasilisha pendekezo la utafiti mwezi wa tatu? Majina ya waandishi nayaweka kando kwa sababu miswada haijachapishwa, na wenyewe tunaonana kila Jumamosi, sitaki ugomvi na mtu.

Mswada wa kwanza unawahamishia maharusi Sinza, vyumba viwili na sebule. Mwandishi anatupa orodha: friji, tivii ya bapa, jiko la gesi, blenda, maikrowevu, pasi ya mvuke, mashine ya kufulia, feni, kompyuta. Nimehesabu, ni vifaa tisa katika ukurasa mmoja. Katika kurasa zote zinazofuata kifaa kinachofanya kazi ni tivii peke yake, tena usiku mmoja tu, mume akitazama mpira huku akimdanganya mkewe kuhusu alikotoka. Mke tunaambiwa mara tatu kwamba ni msomi. Hatumwoni na kitabu hata mara moja. Jioni ikifika, chakula "kiliandaliwa mezani". Na nani?

Hapa nataka tusimame kidogo, maana kosa hili liko katika sarufi kabla halijawa la maudhui. Wenzangu, iogopeni kauli ya kutendwa katika hadithi ya ndoa. Chakula kiliandaliwa, nguo zilifuliwa, nyumba ilisafishwa: hizo ni sentensi tatu zilizomficha mtu mmoja. Mwandishi akilazimika kusema "aliandaa", lazima aseme nani, na akishasema nani lazima ajue huyo nani alikuwa akifanya nini kabla ya hapo na ameacha nini mezani. Ameacha sura ya pili ya tasnifu yake ikiwa katikati ya sentensi? Basi hadithi imeanza. Kauli ya kutendwa inaizuia isianze.

Mswada wa pili sitaupotezea wino. Mume anapata ufadhili wa kwenda Ulaya ukurasa wa tatu, mke anabaki na mwenye nyumba. Tumeisoma hiyo.

Wa tatu ndio ulionifanya nishike kalamu, nao nitaurudia. Kwanza nijiulize kwa nini vijana wenye macho mazuri, wanaoweza kuandika daladala ya saa kumi na mbili jioni mpaka ukahisi jasho la kondakta, wakifika ndani ya nyumba ya maharusi wanakuwa vipofu.

Sehemu ya jibu nadhani ni urithi. Riwaya zetu kubwa ama hukomea mlangoni mwa ndoa au hupita ndani yake zikiwa na haraka ya kwenda kwingine. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inamfikisha Rosa karibu kabisa na ndoa, kisha mchumba anamkataa, na Rosa anajiua. Ndoa hatuioni. Katika Kichwamaji (1974) mwandishi huyohuyo anatupa kijana wa Chuo Kikuu, Kazimoto, na anamwoza kwa Sabina. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa vizuri kitini nikasema sasa tutaona wasomi wanaishije. Hatukuona. Kezilahabi alikuwa na swali lingine, kama maisha haya yana maana yoyote, na ndoa ile ilikuwa ngazi ya kumpeleka Kazimoto kwenye mtoto mwenye kichwa kikubwa na kwenye kifo cha kujitakia. Simlaumu. Mtu anayetaka kujua kama Mungu yupo hana muda wa kuuliza nani ameosha sufuria. Lakini sisi tulioiga tumeiga ile haraka bila lile swali.

Ajabu ni kwamba waandishi wa hadithi za upelelezi, ambao wahakiki waliwadharau kwa miaka mingi, walijua kuitumia mashine kuliko sisi. Faraji Katalambulla mwaka 1965 alitoa Simu ya Kifo. Simu imepewa kazi tangu kwenye jina la kitabu. Kwa Elvis Musiba, Willy Gamba akishika bastola au usukani wa gari, chombo hicho kinabadilisha mambo. Sisi tunaoandika nyumba tumevitundika vyombo ukutani kama vyeti.

Na kama kuna mtu atasema kwamba fasihi ya Kiswahili haijawahi kushughulika na mambo madogo ya ndani, basi amemsahau Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa kumfundisha mambo ya unyumba. Wahakiki wamegombana sana juu yake: wapo wanaoona ni mafundisho ya utumwa wa mke, wapo wanaosikia chini yake sauti ya mwanamke anayejua jinsi ya kumweka mwanamume mkononi. Mimi leo sitaki kuingia kwenye kesi hiyo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mama yule alijua kazi. Mume anaamshwaje, anakandwa, anapepewa, ndevu zinatengenezwa, anafukizwa udi, nyumba inafagiwa, mpaka chooni panatajwa. Unaweza kuyakataa yote anayoyaamuru, lakini huwezi kusema hujui siku ya mwanamke wa Pate ilipitaje. Sasa chukua mswada wetu wa Sinza, ulioandikwa karne moja na nusu baadaye na mtu mwenye shahada, ujaribu kueleza siku ya yule bibi harusi msomi ilipitaje. Huwezi. Ana mashine tisa na hana hata saa moja.

Nilipochoka kuyatafuta maisha haya katika hadithi niliyatafuta mahali pengine, na nikayapata pasipotarajiwa: kwenye tasnifu. Ndani ya tasnifu zenyewe hayamo. Yamo ule ukurasa wa mwanzo ambao watu huuruka, ukurasa wa shukurani. Nendeni maktaba ya chuo chochote mkae siku nzima mkisoma kurasa za shukurani tu, kama nilivyofanya mimi. Utaratibu ni mmoja. Mungu kwanza, msimamizi wa pili, wafadhili, walimu wa idara, wenzetu wa darasani, na chini kabisa, kabla ya tarehe, mwenza wa maisha. Mume anamshukuru mke kwa uvumilivu. Mke, akiandika yeye, anamshukuru mume kwa kumruhusu. Yasome tena maneno hayo mawili. Uvumilivu na ruhusa. Hapo kuna riwaya nzima, na mwandishi wake ni mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kujalidi.

Wenzetu wa nje wameligundua hili. Mwaka 2017 Bruce Holsinger, profesa wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alianza kuanika mtandaoni kurasa za shukurani za wasomi wa zamani zinazomshukuru mke aliyepiga chapa mswada mzima, wakati mwingine zaidi ya mara moja, na jina lake hata halitajwi. Ni "mke wangu", imetosha. Taipureta ilikuwa chombo cha nyumbani wakati ule, kama cherehani, na aliyekaa mbele yake alikuwa mke. Halafu ikaja kompyuta, na msomi wa kiume, bila mtu kumlazimisha, akajifunza kuchapa mwenyewe. Hiyo ni mojawapo ya mashine chache zilizompunguzia kazi mke wa msomi kweli kweli.

Nyingine nyingi hazikufanya hivyo. Ruth Schwartz Cowan, mwanahistoria wa Marekani, alitoa mwaka 1983 kitabu kiitwacho More Work for Mother, na ningeombea kila anayetaka kuandika hadithi ya ndani ya nyumba akitafute. Anasimulia jinsi jiko la chuma lilivyoingia nyumba za Wamarekani karne ya 19. Lilikula kuni kidogo kuliko meko ya wazi, basi mwanamume akapumzika kupasua kuni. Unga wa kiwandani ulimwondolea habari za kusaga. Na mwanamke? Jiko jipya lilibeba vyungu viwili vitatu kwa pamoja, basi mlo wa chungu kimoja ukawa mlo wa vyungu vitatu, na jiko lenyewe lilitaka kung'arishwa. Baadaye mashine za kufulia zikazirudisha nyumbani nguo zilizokuwa zikienda kwa dobi, na watu wakazoea kubadilisha shati kila siku. Mashine imeokoa muda, sawa. Ameokolewa nani?

Huku kwetu jibu si lilelile, na hapo ndipo mwandishi anapopata chake. Chukua mashine ya kufulia ya matangi mawili katika nyumba ambayo maji ya bomba hutoka siku mbili kwa wiki. Mashine ipo, lakini inamiminiwa maji kwa ndoo. Anayemimina ndiye anayefua, ila sasa jirani hawezi kumpa pole kwa sababu ana mashine. Chukua gesi. Mkaa ulikuwa na masizi na moshi, sina hamu nao, lakini maharage yakishakaa juu ya mkaa mtu aliweza kuvuta kigoda akasoma kurasa thelathini kabla ya kuongeza maji. Mtungi wa kilo 6 hauvumilii mambo hayo. Unaupika mlo ukiwa umesimama, sikio kwenye moto, ukihesabu siku. Sisemi turudi kwenye mkaa, jamani. Nasema kila moto una saa yake, na anayesoma shahada anaishi kwa saa.

Turudi kwenye mswada wa tatu. Ni hadithi ya usiku mmoja. Mke ana sura ya kupeleka kwa msimamizi kesho saa tatu; mume ana usaili wa kazi ya muda saa hiyohiyo, naye anataka shati. Mita ya LUKU inalia. Zimebaki yuniti 0.3, mtandao wa kununulia umegoma, na kompyuta ni ya kupakata, betri yake imekufa siku nyingi, bila waya haiwaki. Nilipofika hapo nilisimama nikazunguka chumba. Huyu mtu ameshika kitu! Lile jina refu la LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, lilipoingia nyumba zetu katika miaka ya 1990 halikubadilisha namna ya kulipa peke yake. Zamani bili ilikuja mwisho wa mwezi ikamgombeza baba mwenye nyumba. Sasa nyumba nzima inaitazama namba ikishuka, na kila anayechomeka kitu anaonekana.

Halafu mwandishi akakimbia. Ukurasa unaofuata simu ya mume inaingia ujumbe kutoka kwa mpenzi wa zamani, mke anausoma, kelele zinaanza, na mita tunaisahau. Bwana, kwa nini? Mpenzi wa zamani tunaye katika kila hadithi. Mita hiyo ilikuwa yako peke yako.

Ninadhani alikimbia kwa sababu hakupiga hesabu. Ameandika kwamba kompyuta "ingemaliza umeme", kwa hiyo mke analala. Sivyo. Kompyuta ndogo ya wati 50 inahitaji saa 20 kumaliza yuniti moja. Kwa yuniti 0.3 mke angeandika saa sita, mpaka alfajiri. Pasi ya wati 1,000, ikiwa inawaka mfululizo, inakula umeme huohuo kwa dakika 18. Unaona? Usiku mzima wa tasnifu ni sawa na shati moja na labda suruali. Mwandishi angelijua hili asingehitaji mwanamke wa tatu; shati lingetosha. Na ile friji, mnaikumbuka? Friji nayo inakunywa pale pembeni bila kusema. Ili sura iandikike lazima mtu achomoe friji, na akiichomoa lazima aifungue, na akiifungua kuna samaki waliotumwa na mama mkwe kutoka Mwanza ambao sasa lazima wakaangwe usiku huu, na mtu anayekaanga samaki hawezi kuandika sura.

Mimi ningeyaacha mazungumzo yawe mafupi, kama watu waliochoka wanavyosema:

– Zimebaki ngapi?
– Nukta tatu.
– Basi wewe maliza yako, mimi nitavaa fulana.
– Usaili uende na fulana?
– Si ulisema kesho ndiyo mwisho?
– Nilisema. Na samaki?
– Samaki gani?

Hapo mume amejitoa kweli, hana ubaya, hata ameonyesha mapenzi. Lakini hajui kwamba ndani ya friji mna samaki. Mke anajua. Anajua pia mafuta yamebaki kiasi gani na nani ataulizwa na mama yake mume kama wameharibika. Kujua huko hakuna mashine inayokufanya, na hakuingii kwenye ukurasa wowote wa shukurani. Hadithi inayoweza kuonyesha kujua huko, bila kumfanya mume kuwa shetani, ningeipeleka kwa mchapaji kwa miguu.

Kuna mtu mwingine ambaye miswada yote mitatu imempita. Katika ule wa Sinza anatokea mara mbili, akifungua geti na akileta juisi, na anaitwa "dada". Jina hana. Ndiye anayeimimina ile mashine ya kufulia maji, bila shaka, na ndiye anayejua pasi inaunguza upande gani. Shahada mbili za nyumba ile zinakaa mgongoni kwa binti aliyeishia darasa la saba, naye tumemwandika kama kifaa cha kumi kwenye orodha. Mke msomi na dada wa kazi katika jiko moja, mmoja akimfundisha mwenzake vifungo vya maikrowevu kwa sauti ya upole iliyozidi kidogo: nani atatuandikia hiyo? Ninaogopa kwamba hatuandiki kwa sababu tukiandika kwa ukweli tutajikuta tumekaa upande usiopendeza.

Jumamosi iliyopita nilipoyasema haya kwenye kikundi, mshikaji mmoja, mshairi mzuri tu, aliniambia, "Kaka, hayo ni mambo ya jikoni, fasihi ina mambo makubwa ya kusema." Wengine wakacheka. Sikumjibu pale, namjibu hapa. Kikundi chetu kilipoanza kilikuwa na wanawake watano wanaoandika. Wawili wameolewa, wote wawili na wanaume wanaosoma, na tangu harusi zao hatujaona kutoka kwao hata ukurasa. Mmoja alikuwa hodari kuliko sisi sote, hilo hakuna anayebisha. Mume wake nasikia amemaliza. Yeye "ameahirisha". Hakuna aliyemkataza, nyumba ina umeme, ina gesi, ina kompyuta. Ukitaka kujua sauti ile imepotelea wapi, hutaijua kwa kusoma mashairi ya ukombozi. Itabidi uingie jikoni ukae na saa mkononi. Kama hilo si jambo kubwa, basi naomba mshairi wetu anitajie kubwa.

Wala sitaki ieleweke kwamba natafuta hadithi za kulalamika. Nyumba ya maharusi wanaosoma ina vichekesho vingi mno: mume anayeipigia mita saluti, watu wawili wanaojadili nadharia ya umbo huku wakitafuta kifuniko cha blenda, tarakimu 20 za umeme zikisomwa gizani mmoja akitaja na mwenzake akibonyeza, mara amekosea ya kumi na saba, waanze upya. Mapenzi yamo humo. Nimewahi kuona watu wakipatana kwenye zile tarakimu baada ya siku mbili za kununiana, maana huwezi kumnunia mtu huku ukimsomea namba.

Mswada wa tatu nimeurudisha kwa mwenyewe ukiwa na maelezo ya penseli. Nimemwomba aufute ule ujumbe wa simu, aiache mita ilie mpaka mwisho, na amtafutie dada jina. Amekubali, ila amesema tusiutarajie kabla ya toleo lijalo kwa kuwa yuko sura ya nne ya tasnifu yake, na mwezi huu jikoni ni zamu yake.